Risasi, Bati na Wanja: Istilahi za Kusubu, Kukomaza na Kupaka Rangi Vichwa vya Risasi, na Gharama ya Neno Lenye Maana Mbili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tatizo la kiistilahi lililomkabili mwandishi alipotafsiri kwa Kiswahili sura moja ya mwongozo wa walimu wa ulengaji shabaha. Sura hiyo ilihusu vichwa vya risasi vinavyosubiwa kwa mkono, vinavyokomazwa kwa joto na kupakwa rangi ya unga. Metali tatu zinazounda vichwa hivyo zina majina ya Kiswahili, lakini kila jina limekwisha kukaliwa na kitu kingine: risasi ni metali na pia ni kitu kitokacho katika bunduki, bati ni metali na pia ni karatasi ya kuezekea, wanja ni madini na pia ni pambo la macho. Makala yanaonyesha kwamba katika hali ya kwanza utata huo una gharama kwa afya ya watu na kwa sheria, na yanapendekeza kwamba metali yenyewe, katika maandishi ya afya, mazingira na sheria, iitwe plumbi.

1.0 Utangulizi

Mwongozo uliotajwa uliandikwa kwa Kiingereza na ulikusudiwa walimu kutoka nchi kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao lugha pekee waliyoshirikiana wote ilikuwa Kiswahili. Sehemu kubwa yake haikuwa na ugumu. Bunduki, mtutu, shabaha, usalama wa uwanja, mpangilio wa pumzi: haya yote lugha inayamudu tangu zamani. Ugumu ulianza katika sura ya karakana, kwenye sentensi iliyomtahadharisha fundi kwamba kichwa kilichopakwa rangi bado kina metali ileile ndani yake na bado ni hatari kwa anayekishika. Tafsiri ya kwanza ilitoka hivi: “Risasi iliyopakwa rangi bado ni risasi, na risasi ni hatari.” Hakuna msomaji atakayeipinga sentensi hiyo, na hakuna atakayejifunza lolote kutoka kwayo. Onyo la sumu limegeuka kuwa onyo la bunduki.

Mtu anaweza kusema kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, rasimu ilisomwa hapa Kigali, na Kigali si Unguja. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, na kina wazungumzaji wa vizazi vingi katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo. Lakini kwa Wanyarwanda walio wengi ni lugha ya kujifunza. Msikilizaji wa Kinyarwanda anaposikia risasi, jambo la kwanza linalomjia ni isasu, wingi wake amasasu, yaani kile kitokacho katika bunduki. Katika nchi iliyopitia mwaka 1994, maana hiyo haipishi nyingine kwa urahisi. Fundi aliyesoma kwa Kifaransa anaijua metali kwa jina plomb, na hana sababu ya kuihusisha na neno la Kiswahili analolisikia katika habari za vita.

2.0 Metali tatu na wapangaji wake

Neno risasi limetoka katika Kiarabu, ambako raṣāṣ nalo ni jina la metali na ni jina la kitu cha bunduki. Kwa hiyo utata huu tumeurithi, hatukuuzusha. Linalovutia ni jinsi wenyeji wa pwani walivyokwepa kuitaja metali kila walipoweza, wakavipa vitu vyake majina kulingana na kazi. Kipande cha kuzamishia mshipi ni chubwi. Kile cha kupimia kina cha maji kutoka chomboni ni bildi. Kile kinachoning’inizwa na mwashi ili ukuta usimame wima ni timazi, ingawa timazi huweza pia kuwa la jiwe. Punje ndogo za bunduki ya ndege ni marisau. Mvuvi anayeyeyusha mabaki ya metali katika sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa na kuyamimina katika shimo la mchanga anasubu chubwi. Katika usemi wake wa kawaida hana haja ya kusema kwamba anashika risasi. Msamiati wa pwani, kwa utajiri wake wote, umeiacha metali bila jina la peke yake, kwa sababu jina lake limechukuliwa na bunduki.

Bati lina historia tofauti. Kama metali, bati ni jirani wa Kigali. Mawe yake, ambayo wachimbaji wa hapa huyaita gasegereti, yamechimbwa Rutongo, kaskazini ya jiji, tangu enzi za utawala wa Wabelgiji, na kiwanda cha kuyayeyusha kipo Karuruma, katika wilaya ya Gasabo. Lakini mwambie mtu wa Afrika Mashariki “bati” naye atatazama juu, kwenye paa. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, wala hayana bati ndani yake. Jina limehama kutoka kwenye metali likaenda kwenye karatasi, likabaki huko hata baada ya metali kuondoka. Utata huu unachekesha zaidi kuliko kudhuru. Atakayetafuta bati la kuchanganya na metali nyingine akaletewa kipande cha paa atagundua kosa lake mara moja, kwani chuma hakitayeyuka katika sufuria yake.

Metali ya tatu ni antimoni. Kamusi za Kiswahili zina jina linaloikaribia, wanja wa manga, yaani wanja uliotoka Arabuni, na wanja kwa asili ulisagwa kutokana na madini ya antimoni. Ninasema kwa asili, kwa sababu uchunguzi wa maabara katika nchi mbalimbali umeonyesha mara nyingi kwamba wanja unaouzwa madukani ni galena iliyosagwa, ambayo ni madini ya metali ile ya kwanza. Rangi yake ni nyeusi inayong’aa vilevile, na bei yake ni nafuu. Mama anayempaka mtoto wanja kwa kuamini kwamba unamkinga macho huenda anampaka kitu ambacho lugha inakiita kwa jina moja na kemia inakiita kwa jina jingine. Jambo hilo limestahili makala yake lenyewe. Hapa latosha kusema kwamba katika aloi tunayoizungumzia hatuwezi kuandika wanja. Msomaji angedhani tunatania.

Aloi hiyo, kwa bahati, inatuhusu sisi watu wa maandishi kuliko tunavyodhani. Mashine za kupanga herufi za aina ya Linotype zilitumia mchanganyiko ambao karibu sehemu 84 katika 100 ni metali ya risasi, 12 ni antimoni na 4 ni bati. Magazeti ya zama za herufi za metali, kwa mfano Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na Kinyamateka lililoanza Kabgayi mwaka 1933, yalipigwa chapa katika dunia iliyotegemea aloi za jamii hii. Viwanda vya uchapaji vilipoziacha mashine hizo, wasubu wa vichwa vya risasi katika Marekani na Ulaya walizinunua herufi kuukuu kwa pupa, kwa kuwa aloi iliyokwisha kuchanganywa kwa kipimo ni vigumu kuipata.

3.0 Kusubu, kuchovya na kuoka

Ili istilahi zieleweke ni lazima kazi yenyewe ieleweke. Risasi kamili ya bunduki ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Wazungumzaji wa Kiswahili hutumia kichwa cha risasi na ganda la risasi bila kufundishwa na mtu, na mwandishi hakuona sababu ya kubuni mengine. Vichwa vingi vya kiwandani vina gamba la shaba nje. Vile vya kusubu havina gamba hilo, na walengaji wa michezo huvipenda kwa sababu ni rahisi na huweza kurekebishwa kufuata mtutu wa bunduki fulani.

Metali ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selisiasi, joto ambalo jiko la kawaida hulifikia. Bati, linaloyeyuka kwenye nyuzi 232, huongezwa kidogo ili aloi iliyoyeyuka itiririke na kujaza pembe zote za kalibu. Antimoni huongezwa ili kuleta ugumu. Kwa kipimo cha Brinell, metali ya risasi tupu ina ugumu wa takriban 5, na herufi za Linotype hukaribia 22. Tofauti hii ina maana kubwa ndani ya mtutu. Mtutu wa bunduki ya shabaha una mifuo inayozunguka ili kichwa kiende kikipota, na kichwa laini kinachosukumwa kwa kasi hukwaruzwa na kuacha mabaki yake katika mifuo hiyo, mpaka shabaha inaharibika. Mafundi wa zamani walipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta. Kukomaza kwa joto na kupaka rangi ya unga ni majibu mawili mapya kwa tatizo hilohilo.

Kukomaza kwa joto hufanywa kwa kuweka vichwa ndani ya oveni, chini kidogo ya joto la kuvilainisha, kwa muda wa saa moja hivi, kisha kuvitumbukiza ghafla katika maji baridi. Mhunzi wa jembe angeielewa kazi hii papo hapo, na kwa muda mwandishi alidhani kwamba neno la mhunzi, kuzima, lingetosha. Halikutosha. Katika ukurasa uleule mwongozo ulimtaka fundi azime oveni na asizime vichwa, na mistari miwili baadaye azime vichwa na asizime oveni. Neno lililochaguliwa ni kuchovya. Fundi huchovya vichwa na huzima oveni, na hakuna anayepotea.

Kuna tofauti nyingine ambayo mlinganisho na jembe unaificha. Chuma cha jembe hupata ugumu papo hapo kinapoingia majini. Aloi yenye antimoni hutoka majini ikiwa laini bado, kisha huendelea kuwa ngumu yenyewe kwa muda wa siku kadhaa, ikiwekwa tu rafuni, kwa sababu antimoni iliyofungiwa ndani kwa baridi ya ghafla hujipanga upya polepole katika chembechembe ndogo zinazozuia fuwele zisiteleze. Chembe kidogo za aseniki huharakisha jambo hili. Aloi ya risasi na bati peke yake, bila antimoni, haifaidiki na kuchovywa hata kidogo. Kwa hatua hii ya kungoja rafuni tulichukua neno la wakulima, kukomaa. Embe lililochumwa bado linakomaa ndani ya kapu. Kichwa kilichochovywa kinakomaa ndani ya kopo. Na kama embe, hakikai katika ubora wake milele: miaka ikipita ugumu hupungua tena.

Rangi ya unga si rangi ya maji iliyokauka. Ni vumbi laini la plastiki, aghalabu la poliesta, lililotiwa rangi. Vichwa hutiwa pamoja na unga katika chombo cha plastiki na kutikiswa. Msuguano huzalisha umeme tuli, na unga huganda juu ya metali kama vumbi linavyoganda kwenye kioo cha televisheni. Kisha huokwa katika oveni kwa takriban nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi, unga unayeyuka, unashikana na kuwa ngozi moja. Karakana za Kigali zinazotengeneza milango na madirisha ya alumini zinaifahamu rangi hii vizuri, ila huko unga hupulizwa kwa bomba lenye umeme na vitu huning’inizwa katika tanuri kubwa. Kuoka ni neno la mkate, na hapa linafaa kikamilifu, isipokuwa kwamba limeleta hatari yake lenyewe: oveni ya kuokea vichwa isirudi jikoni kamwe. Sentensi hiyo haikuwamo katika mwongozo wa Kiingereza. Tuliiongeza.

Hatua hizi mbili zina mgogoro kati yao. Fundi akikomaza vichwa kwanza, akangoja wiki mpaka vigumu, kisha akavipaka unga na kuvioka kwa nyuzi 200, joto la kuoka litavilegeza tena na kazi ya kwanza itapotea bure. Njia iliyozoeleka ni kuziunganisha: unga hupakwa kabla, vichwa huokwa, na vinapotoka ovenini vikiwa bado moto huchovywa hapohapo majini. Ngozi ya rangi huhimili mshtuko huo. Mfasiri asiyejua sababu hii anaweza kugeuza mpangilio wa vitenzi katika sentensi, kama Kiswahili kinavyoruhusu mara nyingi kwa ajili ya ufasaha, na kwa kufanya hivyo akaharibu maagizo. Tafsiri ya kiufundi hudai kwamba mfasiri ajue kwa nini jambo la kwanza ni la kwanza.

Neno moja zaidi kuhusu maji. Wanahistoria wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 wametuzoesha kuyaweka maneno maji na risasi katika sentensi moja kwa ajili ya ahadi iliyowapa wapiganaji ujasiri. Katika karakana maneno hayo hukutana kwa namna ya kutisha zaidi. Tone la maji likizama katika sufuria ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha metali usoni mwa fundi. Maji ya kuchovya, kwa hiyo, hukaa mbali na sufuria ya kusubu. Sura hiyo ilitumia maneno maji na risasi kwa namna tatu tofauti katika ukurasa mmoja, na msomaji wa rasimu aliuliza kwa haki kabisa ni risasi ipi isiyotakiwa kulowa.

4.0 Sumu isiyo na jina

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha metali hii katika damu kinachojulikana kuwa salama, na katika mwongozo wake wa 2021 linashauri kwamba mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu atafutiwe chanzo cha sumu na kuondolewa hapo. Mtoto mdogo huifyonza kutoka tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hukaa katika mifupa mahali pa kalsiamu na hurudi katika damu miaka mingi baadaye, ikiwa ni pamoja na wakati wa ujauzito. Hudhuru ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kwa anayesubu, hatari kubwa ya kila siku inatokana na vumbi kuliko moshi: utando wa kijivu unaoelea juu ya sufuria na kuondolewa kwa kijiko, mikono iliyoshika metali kisha ikashika mkate, nguo zinazorudi nyumbani na kukumbatiwa na watoto. Mabaki ya betri za magari ni hatari zaidi ya yote, kwa sababu yana asidi, na kwa sababu takataka ya aloi zenye kalsiamu, zikichanganywa na zenye antimoni au aseniki kisha zikalowa, huweza kutoa gesi zenye sumu kali. Rangi ya unga hupunguza mguso wa mkono na metali wakati wa kushika kichwa kilichokamilika. Haimlindi anayesubu. Haiondoi hata sumu yote ya uwanja wa shabaha, maana fataki nyingi nazo zimetengenezwa kwa kemikali yenye metali hiyohiyo, na moshi wake huvutwa na mlengaji. Hili ndilo onyo ambalo sentensi yetu ya kwanza ilishindwa kulibeba.

Endapo msomaji anadhani kwamba haya ni mambo ya watu wachache wenye bunduki za michezo, atazame Mombasa. Katika makazi ya Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014, kikipakana na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza madai ya wakazi na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Mahali pengine barani gharama ilikuwa maisha moja kwa moja: Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika eneo ambako betri zilivunjwa, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kuanzia 2010 kwa vumbi la mawe ya dhahabu yenye metali hiyo.

Vyombo vya habari vya Kiswahili, vikieleza mambo kama ya Owino Uhuru, huandika mara sumu ya risasi, mara madini ya risasi, na wakati mwingine huacha neno la Kiingereza lilivyo. Sikusudii kuwalaumu waandishi. Lugha haijawapa chombo. Lakini fikiria bango la zahanati lenye maneno “Risasi huua watoto polepole”. Msomaji atasita kwenye neno polepole, na huenda akahitimisha kwamba ni kosa la chapa.

5.0 Sheria nayo

Utata wa neno hili una upande wa pili unaowahusu washauri wa sera moja kwa moja. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto inaeleza kwamba zana za kufyatulia zinajumuisha risasi kamili au sehemu zake, yaani maganda, fataki, baruti na vichwa, ilimradi sehemu hizo zenyewe zinahitaji kibali katika nchi husika. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Rwanda ni mmoja wa watia saini wake, inazitaka nchi zidhibiti utengenezaji na umiliki wa silaha ndogo na zana zake. Sasa Kiswahili hutumia neno risasi kwa kitu kizima, kwa sehemu yake moja inayoruka, na kwa metali iliyomo ndani ya sehemu hiyo. Kifungu kikisema kwamba ni marufuku kutengeneza risasi bila kibali, je, mvuvi wa Ziwa Kivu mwenye sufuria na kalibu amevunja sheria? Hapana, atasema mwanasheria. Je, fundi anayesubu vichwa tu, bila baruti wala fataki? Hapo mwanasheria atanyamaza kidogo, na atalifungua andiko la Kiingereza au la Kifaransa. Sheria ambayo maana yake hupatikana kwa kurudi kwenye lugha nyingine haijaandikwa bado kwa Kiswahili.

6.0 Pendekezo na pingamizi zake

Mwandishi anapendekeza mambo matatu. Kwanza, risasi liachiwe bunduki: risasi kamili kwa kitu kizima, kichwa cha risasi na ganda la risasi kwa sehemu zake. Neno la kale kiasi cha bunduki, ambalo kamusi za karne ya 19 zinalitaja kwa maana ya risasi kamili, lina mvuto kwa sisi tunaopenda kamusi hizo, lakini leo kiasi ni kipimo, na kulifufua kungezaa utata mpya mahali pa ule wa zamani. Pili, metali iitwe plumbi katika maandishi ya afya, mazingira, kemia na sheria. Tatu, bati libaki kwa metali yake, likitanguliwa na neno metali panapohitajika, na antimoni ikubaliwe kama ilivyo.

Pendekezo la pili ndilo litakalopingwa. Watasema kwamba plumbi ni la kigeni. Risasi nalo lilikuja kwa jahazi. Watasema kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka 1990, pamoja na kazi zilizofuata, zimeshajenga mazoea ya wanafunzi wa Tanzania, na kwamba kubadili ni kuwachanganya. Hoja hii ina uzito zaidi. Jibu langu ni kwamba istilahi za shule zilitungwa kwa darasa ambamo mwalimu yupo na kipande cha metali kipo juu ya meza. Bango la zahanati na kifungu cha sheria havina mwalimu. Tena plumbi ina faida ambayo risasi haina: mwanafunzi anaiona katika alama ya Pb, na msomaji wa Kigali, Bujumbura, Bukavu au Goma aliyepitia Kifaransa anaitambua mara moja kutokana na plomb. Istilahi ya kanda haina budi kupimwa pia kwa masikio ya kanda, si kwa yale ya pwani peke yake.

Pingamizi la tatu sina jibu zuri kwalo. Mvuvi na fundi wa betri hawalijui neno plumbi, na onyo lisiloeleweka halina faida kuliko onyo lenye utata. Kwa kipindi cha mpito, basi, maandishi ya umma yaandike plumbi (metali ya chubwi na ya betri), yakitumia majina ya vitu ambavyo watu wanavishika kwa mikono yao. Ninakiri kwamba ufafanuzi huo ni mrefu kwa bango. Katika majaribio yetu madogo ya kusoma rasimu kwa sauti, hata hivyo, ulikuwa ndio pekee uliomfanya msikilizaji atazame mikono yake.

Sentensi iliyoanzisha safari hii sasa inasomeka hivi katika mwongozo: “Kichwa cha risasi kilichopakwa rangi ya unga bado kina plumbi ndani yake. Plumbi ni sumu, hasa kwa watoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, badili nguo kabla ya kurudi nyumbani, na usiruhusu mtoto kuingia karakana.” Sentensi moja imekuwa tatu. Mhariri aliyekuwa akilinda idadi ya kurasa aliomba zifupishwe, na baada ya mazungumzo alikubali kuondoa picha moja badala yake.